Damu yako ni O plasi, sawa, lakini plasi ya aina gani?

Watu wakisikia nafanya kazi maabara upande wa damu swali ni lile lile kila siku, "sasa mimi O plasi naweza kumpa nani?" Jibu fupi lipo, unampa yeyote mwenye plasi, awe O, A, B au AB, kwisha, mtu anaenda zake ameridhika. Lakini ile plasi kwenye kadi yako inataja kitu kimoja tu, antijeni (alama iliyo juu ya chembe nyekundu za damu) inayoitwa D, na hiyo D ni moja kati ya zaidi ya 50 zilizomo kwenye familia ya Rh peke yake, na kwa damu yetu sisi Waafrika hata hiyo D yenyewe kuna siku inadanganya. Nimeieleza hii habari vipande vipande kwenye WhatsApp mpaka vidole vimechoka, acha leo niiandike yote mahali pamoja.

Kilichonisukuma ni mama mmoja wa huku kwetu West Nile, mtoto wake ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Alikuja na daftari la matibabu, yale madaftari ya shule ambayo ndiyo faili letu Uganda nzima, akalifungua mbele yangu akasema, "Dakta, damu ya mtoto ni O plasi. Pakiti waliyomwekea ilikuwa O plasi, niliisoma mwenyewe. Sasa mbona imemkataa?" Mimi si dakta, lakini huku ukivaa koti jeupe umeshakuwa dakta, nilishaacha kubishana. Mtoto alikuwa ameongezewa damu hospitali nyingine, akaruhusiwa akiwa anacheza vizuri, halafu baada ya kama wiki hivi macho yakawa ya manjano, mkojo mweusi, mgongo unamuuma, na himoglobini kupimwa ikawa chini kuliko hata kabla hajaongezewa. Kule wakamwambia ni krisisi ya kawaida ya sikoseli, yale maumivu yanayowashika ghafla. Dalili zinafanana kweli, siwalaumu sana, ndiyo maana jambo hili linapita bila mtu kuliona. Ila yule mama alikuwa amejumlisha mambo kichwani, damu, siku, mkojo, na hesabu yake ilikuwa nzuri kuliko ya waliomjibu.

Na swali lake si geni. Mwaka 1939 huko New York, madaktari Levine na Stetson waliandika habari ya mwanamke aliyejifungua mtoto aliyekufa, akapoteza damu, wakamtia damu ya mumewe kwa sababu wote wawili walikuwa O, na mwili wake ukaikataa vibaya sana. Wakachukua seramu yake (yale maji ya damu) wakaijaribu kwa watu 104 ambao kwa kundi la ABO walipaswa kumfaa, ikapigana na damu ya watu 80. Yaani O kwa O na bado vita. Mwaka uliofuata Landsteiner, yule yule aliyegundua A, B na O mwaka 1901, pamoja na Wiener, wakatengeneza antibodi (askari wa mwili anayeshambulia antijeni ngeni) kwa kutumia damu ya nyani wa aina ya rhesus, nayo ikagandisha, yaani ikashikamanisha chembe za damu ya karibu 85 kati ya kila Wazungu 100 waliowapima, ndiyo jina Rh likatokea hapo. Baadaye ikaja kujulikana kwamba antijeni ya yule nyani na D ya binadamu ni vitu viwili tofauti, lakini jina lilishazoeleka, nani angelibadilisha.

Hiyo 85 kwa 100 iweke akilini. Kwa Wazungu karibu 15 kati ya 100 ni negativu, yaani hawana D. Huku kwetu zaidi ya 95 kati ya 100 ni pozitivu, negativu ni wachache mno, kwa hiyo watu wanadhani Rh ni tatizo la Wazungu na mama wawili watatu wajawazito. Hapo ndipo tunapokosea.

Sasa twende ndani kidogo. Kwenye kromosomu namba 1 kuna majini mawili (maagizo ya kurithi ya kutengeneza protini) yamekaa jirani, moja linaitwa RHD, la pili RHCE. La kwanza linatoa protini yenye D. La pili linatoa protini inayobeba C kubwa au c ndogo, na E kubwa au e ndogo. Wengine husema jeni, mimi nimezoea jini, mnielewe, si yale ya baharini. Haya majini mawili yanafanana karibu kila kitu, ni kama mapacha wanaolala kitanda kimoja, asubuhi kila mmoja ameamka na shati la mwenzake. Na ndivyo inavyotokea kweli, katika kurithishana vizazi na vizazi kipande cha RHCE kinaingia katikati ya RHD au kinyume chake, linazaliwa jini chotara, nusu huku nusu kule. Juu ya hapo kuna mabadiliko madogo madogo ya herufi moja moja za DNA. Tofauti ya E kubwa na e ndogo ni asidi amino (tofali la kujengea protini) moja tu, ile ya nafasi ya 226, katika protini yenye asidi amino zaidi ya 400. Moja! Na hiyo moja inatosha mwili kusema huyu simjui.

Afrika ndiko binadamu wamekaa muda mrefu kuliko kote, kwa hiyo ndiko kwenye aina nyingi zaidi za haya majini. Chukua tu hiyo negativu. Mzungu akiwa Rh negativu mara nyingi sana maana yake jini la RHD halipo kabisa, limefutika lote. Ukienda na wazo hilo Afrika unapotea. Mwaka 2000 ilitoka kazi kwenye jarida la Blood, walichukua Waafrika weusi 82 wasio na D wakaangalia majini yao, asilimia 66 walikuwa na jini la RHD limekaa pale pale mahali pake, ila bovu, kipande cha herufi 37 kimejirudia mara mbili na ndani yake kuna alama ya kusimamisha kazi kabla ya wakati, protini haitoki. Asilimia 15 walikuwa na lile chotara la D na CE. Waliofutika kabisa kwa namna ya Wazungu walikuwa asilimia 18 tu. Sasa fikiria mashine ya DNA iliyotengenezwa Ulaya ambayo inauliza swali moja tu, "RHD ipo au haipo?" Ikimkuta dada yetu mwenye lile jini bovu itajibu "ipo", kumbe dada ni negativu safi. Ndiyo maana vipimo vizuri vya siku hizi vinaangalia sehemu kadhaa za jini, sio moja, na hiyo ilibidi waijifunze kutoka kwa damu yetu.

Hiyo ni upande wa negativu. Upande wa pozitivu ndio unaoninyima usingizi zaidi.

Kuna watu wana D lakini D yao ina mapengo, vipande fulani vimebadilishwa. Sisi tunaita D pungufu, kuna aina nyingi zimepewa majina kama DIIIa, DAR na nyinginezo, na hizo mbili nilizotaja zinapatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Mwenye DIIIa ukimpima mezani kwa reagenti (dawa ya kupimia) ya kawaida, damu inaganda kwa nguvu, unaandika pozitivu bila wasiwasi wowote, na mtu yeyote angeandika hivyo hivyo. Mpe sasa damu yenye D kamili, kuna wakati mwili wake unaona vile vipande ambavyo yeye hana, unatengeneza antibodi dhidi ya D. Mtu pozitivu mwenye antibodi ya D! Nilipofundishwa hii chuoni darasa zima tuliguna.

C nayo vilevile. Lile jini chotara nililotaja linatoa C kubwa ya bandia, kipimo kinaona C, unaandika ana C, unampa damu yenye C halisi, baada ya muda ana antibodi ya C. Na e ndogo ndiyo kabisa, karibu kila mtu huku ana e, kwa hiyo mtu mwenye e pungufu akitengeneza antibodi dhidi ya e ya kawaida utamtafutia damu wapi? Mungu saidia.

Mtu aliyeongezewa damu mara moja maishani, tuseme alipata ajali ya boda, hii habari yaweza isimguse milele. Mtoto wa malaria anayeongezewa pakiti moja akapona, vivyo hivyo. Anayeumia ni yule anayerudi na kurudi, na kwetu huyo ni mtoto wa sikoseli. Uganda ilifanyika utafiti mkubwa wa watoto wachanga nchi nzima, ukachapishwa 2016, ukaonyesha asilimia 13.3 wamebeba jini la sikoseli na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe, kaskazini upande wa Gulu na Lira pamoja na Busoga ndiko kumezidi. Asilimia 0.7 inasikika ndogo mpaka uketi kliniki ya sikoseli siku moja uone foleni.

Huko Philadelphia, Marekani, walikuwa na wagonjwa 182 wa sikoseli ambao walipewa damu kwa uangalifu ambao sisi tunauota tu, D sawa, C sawa, E sawa, Kell (familia nyingine ya antijeni) sawa, na wachangiaji wengi wakiwa weusi wenzao. Matokeo yakachapishwa 2013. Kati ya wale wa kuongezewa mara kwa mara asilimia 58 walikuwa wametengeneza antibodi, na nyingi zilikuwa za Rh hiyo hiyo waliyodhani wameilinganisha. Walipofungua majini wakakuta asilimia 87 ya wagonjwa wana angalau aina moja ya RH iliyobadilika. Reagenti zilikuwa zinawaambia "sawa" wakati majini yanasema "si sawa".

Halafu angalia kwetu. Hospitali ya Mulago, Kampala, walipima wagonjwa 428 wa sikoseli waliowahi kuongezewa damu, ikachapishwa 2010, waliokutwa na antibodi ni 26, asilimia 6.1. Mtu akisoma haraka atasema ah, sisi tuko vizuri kuliko Wamarekani. Taratibu. Ni kweli tuna bahati moja kubwa, nitaieleza sasa hivi, lakini pia wagonjwa wetu huongezewa pakiti chache, na antibodi hizi zina tabia ya kujificha. Miezi ikipita zinapungua kwenye damu mpaka kipimo hakizioni, unaandika "hana", lakini mwili haujasahau, siku ukileta antijeni ile ile zinaamka kwa siku chache tu zikiwa na hasira. Ndicho kilichompata mtoto wa yule mama kwa hesabu zote, aliongezewa zamani, akatengeneza antibodi kimya kimya, zikalala, akaongezewa tena, zikaamka baada ya wiki zikala damu ya wageni. Sampuli yake ilipelekwa kwenye maabara kubwa zaidi, jibu likarudi, antibodi ya E kubwa.

Bahati yetu ni hii. Huku Afrika mpangilio wa kawaida kuliko yote ni ule wa D na c ndogo na e ndogo, bila C kubwa, bila E kubwa. Wataalamu wanauita Ro. Uingereza wachangiaji wenye Ro ni kama asilimia 2 tu na wanawatafuta kwa matangazo, wanawabembeleza watu weusi London waje watoe damu, kwa sababu wagonjwa wao wa sikoseli wengi ni Ro na hakuna ya kutosha. Januari 2024 huduma ya afya ya Uingereza ilianza kuwapima wagonjwa wa sikoseli na thalasemia (ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi) kundi la damu kwa DNA kabisa ili walinganishwe vizuri. Sisi huku Ro tunayo tele. Iko Arua, iko Gulu, iko Mbale, iko Nakasero kule Kampala, imejaa kwenye mafriji ya benki ya damu sasa hivi, ila pakiti imeandikwa O plasi tu na hakuna anayejua ipi ina E na ipi haina. Yule mtoto wa antibodi ya E, ukichukua pakiti kadhaa za O plasi bila kuchagua nyingi zitamfaa. Hatukosi damu yake. Tunakosa chupa ndogo ya reagenti ya E na mtu wa kuandika jibu juu ya pakiti.

Hapo ndipo mimi na wenzangu wengine tunapobishana. Wapo wanaosema tusubiri mashine za DNA. Mimi nasema mashine zije, karibu sana, tutazihitaji kwa zile D pungufu na e pungufu ambazo macho hayazioni, lakini kwa leo mtoto wa sikoseli apimwe C, c, E, e na K (ile ya Kell) siku anapogunduliwa, kabla hajawahi kuongezewa hata tone, maana akishaongezewa damu ya watu wengine imechanganyika mwilini mwake huwezi tena kusoma yake vizuri mpaka miezi mitatu minne ipite. DNA kwa hiyo hali inasaidia kwa sababu inasomwa kwenye chembe nyeupe zake mwenyewe, hiyo nakubali. Na krosmachi (kuijaribu damu ya pakiti na ya mgonjwa kabla ya kumwekea) ifanywe yote, hadi ile hatua ya mwisho ya antiglobulini ambayo Coombs na wenzake walituletea mwaka 1945. Sehemu nyingi wanachanganya damu kwenye joto la kawaida la chumba, wanaangalia kwa dakika chache, haijaganda, pakiti inatoka. Hiyo inakamata makosa ya ABO. Antibodi za Rh hazikamatwi hivyo, zinataka joto la mwili, nyuzi 37, na zinataka ile reagenti ya kuziunganisha. Usiku wa manane mtoto ana himoglobini ya 3 na umeme unakatika najua hakuna nafasi, mpe damu aishi, simlaumu mtu. Lakini mchana, mgonjwa ametulia, reagenti ipo, kwa nini?

Kuhusu akina mama niseme haraka maana wengi mnaijua. Mama negativu, mtoto pozitivu, damu zikikutana wakati wa kuzaa au mimba kutoka, mama anaweza kutengeneza antibodi na mimba inayofuata ikapata shida. Sindano ya anti-D ipo tangu 1968, inapigwa ndani ya saa 72, na mimba ikitoka pia inahesabiwa, hapo wengi wanakosa kwa sababu hawaendi hospitali. Bei yake ni ya kuumiza na mara nyingi familia ndiyo inayoitafuta famasi yenyewe, kwa hiyo jua kundi lako mapema, sio ukiwa leba. Na tafadhali mtoto akifariki tumboni tusikimbilie kusema mama amelogwa na wakwe, pimeni damu kwanza. Wale wa D pungufu wanaoonekana pozitivu hawapewi sindano, na kuna wachache sana wanaoangukia hapo, sina la kuwasaidia bila kipimo cha jini.

Wachangiaji sasa. Damu yetu nyingi inatoka kwa wanafunzi wa sekondari, shule zikifunga friji zinabaki na upepo, kila mtu wa wodini anaijua likizo ya Desemba. Wewe mtu mzima uliyeacha kutoa damu tangu Senior Six rudi. Na ukiwa unatoa mara kwa mara, benki inaweza kukupima mara moja hizo antijeni nyingine ikakuweka kwenye orodha, halafu mtoto fulani akipata antibodi unapigiwa simu. Mchangiaji anayejulikana na anayerudi ana thamani kuliko wageni kumi wa siku moja ya tamasha na soda, samahani kwa waandaaji wa matamasha.

Yule mama aliniuliza afanye nini. Nilimwandikia kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari, nje, sio ndani: ana antibodi ya E, apewe damu isiyo na E, krosmachi kamili. Nikamwambia apige picha kwa simu na amtumie baba mtoto na dada yake pia, kwa sababu daftari linaloa, linaliwa na panya, linapotea kwenye basi, na hospitali ya Kampala haina namna ya kujua kilichopimwa huku. Akaniuliza, "Na wakiniambia wewe mama hujui kitu?" Nikamwambia aombe kuongea na mtu wa maabara moja kwa moja, aseme neno antibodi, atasikilizwa.

Kwa wengine wote, kama mtu wenu ameongezewa damu, siku hadi wiki mbili baadaye akawa na macho ya manjano, mkojo mweusi, homa, au amepauka tena ghafla, rudini hospitali siku hiyo hiyo na neno la kwanza mlangoni liwe "aliongezewa damu tarehe fulani". Msianze na malaria. Watachukua sampuli mpya, watapima himoglobini na kipimo cha Coombs (kile cha antiglobulini), na kama maabara ile haina uwezo sampuli inaweza kutumwa kwenye maabara kubwa zaidi, muombe itumwe, msione haya kuuliza mara mbili.